Tangi la Faiba: Kwa Nini Safari Hii Tusinunue Chuma

Hotuba ya Mweka Hazina katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama, Dar es Salaam



Mwaka jana mlinipa dakika kumi nisome mapato na matumizi, na kabla sijafika ukurasa wa pili wazee wawili walikuwa wamekwisha kusinzia. Sikuwalaumu. Safari hii taarifa ya fedha mnayo mkononi, imekaguliwa, na mwenye swali anifuate wakati wa chakula. Muda huu nimemwomba Mwenyekiti nizungumzie jambo moja tu: tangi la maji la shule yetu ya sekondari kule mlimani, na kitu ambacho nawaomba tangi hilo litengenezwe nacho.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka minane iliyopita tulichangishana hapa hapa Dar es Salaam tukanunua tangi la chuma kwa ajili ya shule ile. Zilikuja nukuu tatu za bei. Nikachagua ya chini, nikaweka saini, nikarudi kwangu nikiwa nimeridhika kwamba nimeokoa fedha za wanachama. Niliuliza bei. Sikuuliza litaishi miaka mingapi, wala ni nani atalipaka rangi kila mwaka. Kwa mtu anayekula mshahara wa uhasibu, hilo ni jambo la aibu, na ndiyo maana nalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine.

Mwaka wa tatu maji yakaanza kutoka na rangi. Mwalimu mmoja aliniandikia kwamba maji ya bombani yana rangi ya chai, na chai, alisema, Rungwe tunayo ya kutosha. Mwaka wa sita tangi likatoboka kwa chini. Palipoanza kuoza ni kwenye maungio na kwenye nati, mahali ambapo rangi haikufika. Leo tangi lile limekaa pale kama kibanda cha kuku, na mabinti zetu wanashuka bondeni alfajiri na ndoo kabla kengele ya kwanza haijagongwa. Nilipokwenda likizo mwaka jana nilishuka nao. Kushuka si kazi. Kupanda na lita 20 kichwani, njia imelowa utelezi, nilisimama mara nne, na mimi sikuwa na ndoo.

Wenyewe mnaijua mvua ya kwetu. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuna mahali chini ya Mlima Rungwe panapopata zaidi ya hapo. Mgeni akisikia hivyo husema basi hamna shida ya maji. Shida yetu ni mahali pa kuyaweka. Na mvua hiyo hiyo ndiyo adui wa chuma. Maji ya mvua ni laini, hayana chokaa, na yana uchachu kidogo. Yakikaa ndani ya tangi la bati yanakula zinki taratibu, yakiimaliza yanahamia kwenye chuma chenyewe. Kwa nje kuna ukungu na umande, miezi mingi chuma hakikauki. Angalieni misumari ya paa la nyumba yoyote ya nyumbani iliyopita miaka kumi.

Sasa nakuja kwenye faiba. Jina lake la kitabuni ni fibaglasi, maana yake nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini, aina ya utomvu wa kiwandani unaokauka ukawa mgumu. Msidhani ni kitu cha ajabu kutoka Ulaya. Basi lililokuleta kutoka Tukuyu, ile sura yake ya mbele yenye taa na bampa, mara nyingi ni faiba. Likigonga ng'ombe njiani, mafundi wa Gerezani wanaiziba, wanaipiga msasa, wanaipaka rangi, na wiki inayofuata uko nalo tena barabarani. Boti za kisasa ambazo Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi wa bahari na wa maziwa miaka hii ni faiba. Lile bati la mwanga tunaloweka jikoni ili kupate mwanga, mengi yake ni faiba pia, na nitalirudia, kwa sababu linatufundisha ubaya wa kitu hiki.

Mimi nilianza kuiheshimu nikiwa kazini. Niliwahi kupelekwa pwani, upande wa Bagamoyo, kuhesabu mali za mteja mmoja mwenye boti. Ukaguzi wa mali ni kazi rahisi: unashika daftari, unakwenda kwenye kitu, unahakikisha kipo. Boti zake za mbao zilikuwa na gharama kila mwaka, mafundi wa kutia kalafati, mbao za kubadilisha, mafuta ya kupaka chini. Kulikuwa na boti moja ya faiba iliyonunuliwa miaka 19 kabla. Kwenye vitabu ilikuwa imepangiwa kuchakaa kwa miaka kumi, kwa hiyo thamani yake ilikuwa sifuri tangu zamani. Nikaenda kuitafuta ufukweni nikitegemea kukuta gofu. Nikaambiwa nisubiri, imekwenda baharini. Ilirudi jioni imejaa samaki. Nilisimama pale na daftari langu linalosema boti hiyo haina thamani.

Kwa nini inadumu hivyo? Wazee waliopo hapa wanazikumbuka nyumba zetu za zamani za mianzi na udongo. Mianzi peke yake inapitisha upepo na inayumba. Udongo peke yake ukikauka unapasuka. Ukikandika udongo juu ya mianzi unapata ukuta, mianzi inazuia ufa usiende mbali, udongo unaishika mianzi mahali pake. Faiba ni akili ile ile. Nyuzi za kioo zinabeba nguvu ya kuvutwa, rezini inazishika pamoja na kuugawa mzigo kati yake.

Mtu atauliza, kioo si kinavunjika? Kinavunjika kikiwa bapa la dirisha. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kioo kikivutwa kuwa uzi mwembamba sana kinakuwa na nguvu mara nyingi kuliko kikiwa kinene, kwa sababu udhaifu wa kioo uko katika vijiufa vidogo visivyoonekana, na uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba vijiufa vikubwa. Katika miaka ya 1930 Wamarekani wakapata njia ya kutengeneza nyuzi hizo kwa wingi, na kufikia 1953 kampuni ya Chevrolet ilikuwa inauza gari, Corvette, ambalo bodi yake yote ni faiba. Kwa hiyo tunazungumzia kitu chenye umri wa kutosha. Wengine humu ndani ni wadogo kuliko hicho.

Namna ya kuitengeneza nimeiona kwa macho. Fundi ana kalibu, yaweza kuwa ya mbao, ya plasta, au ya faiba yenyewe. Anaipaka nta ili kitu kisigande. Anapaka tabaka la kwanza la rezini yenye rangi, ambalo ndilo litakuwa ngozi ya nje. Anatandika mkeka wa nyuzi za kioo, anaulowesha kwa rezini iliyotiwa kichocheo, anaupitishia rola mpaka mapovu ya hewa yatoke yote, anatandika mkeka mwingine. Baada ya muda kitu kinapata joto chenyewe na kuwa kigumu. Kinabanduliwa, na kalibu ile ile inatoa kingine, na kingine. Umbo lolote unaloweza kulichonga kwenye kalibu utalipata bila kuchomelea na bila kiungo. Kwa mtu wa hesabu hapo ndipo penye utamu: kupinda na kubana chuma kwa maumbo ya namna hiyo kunataka mashine za fedha nyingi, ambazo hazilipi mpaka utengeneze maelfu. Kalibu ya faiba inalipa hata ukitaka vitu ishirini.

Matangi makubwa yanatengenezwa kwa njia nyingine kidogo. Kiwandani vipande vya faiba vinabanwa ndani ya kalibu ya chuma yenye joto, kila kipande mita moja kwa mita moja, unene wake sawa kote. Vipande vinasafirishwa vikiwa vimepangwa kama sahani, halafu vinafungwa kwa bolti mahali tangi litakapokaa, katikati ya kila kiungo mpira wa kuziba. Hilo ndilo tangi ninalowaombea.

Na hapa niwakumbushe barabara ya kwenda shuleni. Tangi lile la chuma lilikaa wiki tatu chini ya kilima likisubiri matope yakauke ili lori lipande. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa takriban tani 7.8. Ya faiba ni kati ya tani moja na nusu na mbili. Kipande kimoja cha tangi kinabebwa na watu wawili bila shida. Tangi la urefu wa mita 4, upana mita 3 na kina mita 2 lina vipande 28 vya ubavuni, 12 vya chini na 12 vya juu, jumla 52. Wazazi wa kijiji wameahidi kuvibeba wenyewe. Lori litaishia barabarani na hakuna atakayeangalia mawingu.

Kuna swali ambalo nimeulizwa na watu sita tangu asubuhi: kwa nini tusinunue simtanki? Swali zuri. Kwa nyumbani kwako, lita 1,000 au 5,000, nunua simtanki, na mimi kwangu nimenunua. Ni rahisi, haliozi, linabiringishwa. Lakini tangi la namna hiyo linakuja likiwa zima. La ukubwa tunaoutaka halipandi njia ile, na tukiweka madogo matano tunapata maungio, mabomba na koki mara tano, na kila koki ni mahali pa kuvuja. Zaidi ya hapo, plastiki ile ikipata ufa ni vigumu kuishika; gundi nyingi zinakataa kuikamata. Faiba ikipasuka, unapasugua pale kwa msasa, unatandika mkeka mpya na rezini mpya, na kiraka kinashikana na ukuta wa zamani.

Mama mmoja aliniuliza jambo lililonifanya nikae chini nisome: kwa nini tusitumie nyuzi za migomba yetu badala ya nyuzi za kioo? Nyuzi za mimea zinatumika kweli, katani na kitani vinawekwa ndani ya milango ya magari huko viwandani, mahali pakavu. Ila zinanyonya maji, zinavimba, zinaachana na rezini. Kioo hakinywi maji. Kwa tangi, mama yangu, migomba tuiachie ndizi.

Sasa ubaya wake, maana safari hii sitaki kuficha kitu. Kwanza jua. Mmeliona bati la mwanga lililozeeka: linakuwa la njano, linapoteza mng'ao, halafu nyuzi zinatokeza juu kama nywele na ukizigusa zinawasha. Ni mionzi ya jua inakula rezini ya juu. Tangi zuri lina ngozi ya nje iliyotiwa kinga, na tutalijengea kipaa cha bati. Lazima pia lisipitishe mwanga, la sivyo mwani utaota ndani. Pili, faiba inapinda kirahisi kuliko chuma. Ndiyo maana vipande vina migongo na mibonyeo, na ndani kuna vyuma vya kushikilia kuta zisitanuke maji yakijaa. Vyuma hivyo na bolti zote zinazogusa maji viwe vya chuma kisichoshika kutu. Tukibana matumizi hapo tutarudia hadithi ile ile, kwa sababu faiba haitaoza lakini bolti zitaoza, na sitaweka saini mara ya pili. Tatu, si kila rezini inafaa maji ya kunywa. Muuzaji atuletee cheti kinachosema hivyo, na tangi lioshwe na maji ya kwanza yamwagwe kabla mtoto hajanywa.

Nne ni jambo la kwetu hasa. Rezini haipendi baridi wala unyevu. Chini ya nyuzi joto 15 hivi inakuwa nzito kukauka, na isipokauka vizuri inabaki laini na yenye harufu. Mnaijua Tukuyu ya Juni na Julai. Fundi akitaka kuziba ufa mwezi wa saba asubuhi, na ukungu umetanda, anapoteza rezini. Kazi hiyo ifanyike siku ya jua, mchana, au ndani ya chumba kilichopashwa moto. Ndiyo maana sehemu ya mchango huu si ya tangi. Tunataka kuwapeleka vijana wawili wa nyumbani wakajifunze kazi ya faiba pwani, kwa mafundi wa boti wa Bagamoyo, halafu warudi waijaribu katika hali yetu ya hewa, wakijua lini pa kusubiri. Vumbi lake linawasha ngozi na kuumiza mapafu, mvuke wa rezini unalewesha, kwa hiyo bajeti ina barakoa za kweli, glavu na feni ya kutolea hewa. Nimeona mahali vijana wanafanya kazi hiyo wamefunga kitambaa tu puani. Hao wetu hatutawafanyia hivyo.

Vijana hao hawatakaa wakisubiri tangi litoboke. Bondeni Kyela kuna wavuvi na boti zitakazohitaji viraka. Kuna mabasi na Costa zinazopita Tukuyu kila siku zikiwa na bampa zilizopasuka, ambazo sasa zinatengenezwa Mbeya mjini au mbali zaidi. Kuna mifuniko ya chemchemi, ambayo ya zege inapasuka na ya chuma inaibwa ikauzwe chakavu. Faiba hakuna anayeiiba kwa ajili ya chakavu, haina mnunuzi. Hiyo ni sifa kwa mwenye mfuniko na ni ubaya kwa mazingira, kwa kuwa ikifa kabisa hairudishwi kiwandani kirahisi kama chuma.

Niwape hesabu, fupi. Msiwe na hofu, hizi si bei za dukani, ni namba za kufundishia. Nukuu halisi tatu zimebandikwa pale mlangoni. Tuseme tangi la chuma ni shilingi 100 na la faiba ni shilingi 160. Chuma chetu kiliishi miaka sita. Gawanya: karibu shilingi 17 kwa kila mwaka wa maji, na hapo sijaweka rangi ambayo hatukuipaka. Faiba ikiishi miaka 20 tu, ambayo boti yangu ya Bagamoyo ilikuwa inaikaribia huku inapigwa na mawimbi, ni shilingi 8 kwa mwaka. Chuma kingetunzwa kingeishi zaidi, nakiri. Lakini chama chetu tunakijua. Tunachanga vizuri siku ya harambee, na hatujawahi hata mara moja kuchanga kwa ajili ya kupaka rangi.

Na maji yenyewe? Paa la madarasa matatu pale ni mita za mraba 240. Mvua moja nzito ya milimita 50 inadondosha juu yake lita 12,000. Mvua mbili kama hizo, ukiacha kinachopotea, zinakaribia kujaza tangi letu la lita 24,000. Wanafunzi 300 wakinywa lita 2 kila mmoja kwa siku, tangi lililojaa linatosha siku 40. Halitoshi kiangazi chote, na halitoshi kufua wala kuogea. Nasema hivi ili mwakani asitokee mtu akasema Mweka Hazina alituahidi maji ya mwaka mzima. Niliyoahidi ni maji safi ya kunywa kwa siku 40 bila mvua, na mabinti kuingia darasani asubuhi wakiwa hawajalowa.

Gharama yote, yaani tangi, bolti, msingi wa zege, mifereji ya paa, kipaa cha kulikinga na mafunzo ya vijana wawili, imeandikwa mstari kwa mstari ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Kila mstari una jina la mjumbe wa kamati atakayeulizwa. Kwenye mstari wa tangi jina ni langu. Fomu za ahadi ziko kwa Katibu. Anayetoa taslimu achukue risiti kabla hajaondoka mezani, hata kama anayempokea ni shemeji yake. Mkuu wa shule anasema msingi utakuwa umekauka kabla mvua za Novemba hazijaanza, na wabebaji wanasubiri siku tu.